Kutumikia Maskini Wakati wa Likizo

Somo kwa wakatekumeni wa vijiji



Ndugu wakatekumeni, kila mwaka shule za nchi yetu ya Kongo hufungwa tangu mwanzo wa Julai hadi mwanzo wa Septemba. Vijana wengi hurudi vijijini kuwasaidia wazazi wao shambani, na hiyo ni kazi njema. Wengine huenda misheni kuomba nafasi ya kuwatumikia wagonjwa, yatima, wazee na wakimbizi kwa muda wa majuma machache, bila mshahara.

Somo la leo ni kwa mkatekumeni anayetaka kwenda kutumika hivyo katika misheni ya Kisangani au karibu nayo, awe ametoka njia ya Buta au ya Bafwasende, au amevuka mto kutoka Lubunga. Atakuta nini huko? Atafanya kazi gani? Na kazi hiyo ina maana gani kwa mtu anayejitayarisha kupokea Ubatizo Mtakatifu?

1. MAPENDO NI KAZI

Mmekwisha kujifunza fadhila tatu za Kimungu: imani, matumaini na mapendo. Neno mapendo kwa Kilatini ni caritas. Ndilo jina la shirika la Kanisa linalowasaidia wenye shida, yaani Caritas, ambalo lilianzishwa katika Kongo mwaka 1960 na lina ofisi yake katika jimbo kuu la Kisangani.

Watu wengi hufikiri ya kuwa mapendo ni kusikia huruma tu. Wanamwona mtoto aliyekonda, wanatikisa kichwa, wanasema, «Maskini!», kisha wanapita. Mtume Yakobo anatuonya katika barua yake: ukimwambia mtu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, wala usimpe kitu cha kuvaa wala cha kula, umemfaa nini? Na Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 25, anatufundisha atakavyotuhukumu siku ya mwisho. Atatuuliza kama tulimlisha alipokuwa na njaa, na kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Kwa maana lolote tumtendealo mdogo kabisa, tunamtendea Yeye.

Ndiyo maana Kanisa linatufundisha matendo saba ya huruma ya mwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwatembelea wafungwa, na kuzika wafu. Angalieni vizuri: yote saba ni kazi ya mikono na miguu.

2. MFANO WA MTAKATIFU VINSENTI WA PAULO

Mwaka 1617 padri mmoja aitwaye Vinsenti alikuwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon, nchi ya Ufaransa. Dominika moja, kabla ya Misa, aliambiwa habari za jamaa moja nje ya mji: wote walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwahudumia. Akalitaja jambo hilo katika mahubiri. Mchana ule watu wengi sana wakatoka nyumbani mwao kwenda kwa wagonjwa wale, wakichukua mikate, nyama na vyakula vingine.

Padri Vinsenti alifurahi kuona mapendo ya wakristu wake. Lakini aliona pia kasoro: chakula kilichofika siku ile moja kilikuwa kingi kupita kiasi, sehemu yake ingeharibika, na baada ya siku chache wagonjwa wangeona njaa tena. Basi akawakusanya akina mama wa parokia, akawapangia zamu, kila mmoja na siku yake ya kupika na kuwahudumia wagonjwa. Hivyo kilianza chama cha mapendo ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi. Padri huyo ndiye Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyefariki mwaka 1660. Tunaadhimisha sikukuu yake tarehe 27 Septemba.

Tunajifunza nini? Ya kwamba mapendo bila utaratibu huwaka siku moja kama nyasi kavu, kisha huzimika. Mapendo yenye utaratibu ni kama makaa: hayana mwali mkubwa, lakini chakula kinaiva. Kumbukeni jambo hili mtakapopewa zamu yenu misheni.

3. MISHENI YA KWANZA YA BOYOMA

Mji wetu wa Kisangani, zamani Stanleyville, ulikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri kutoka Zanzibar, aliwekwa kuwa liwali wa mahali hapa. Watu wengi wa misitu yetu walitekwa na kupelekwa mbali.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1897, Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifika Boyoma. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, kando ya mto mkubwa. Mwaka 1908 akawa askofu. Alipojiuzulu kazi ya uaskofu mwaka 1933, hakurudi kwao kupumzika, bali alibaki papa hapa hadi alipofariki mwaka 1942.

Wapo pia watu wa nchi yetu waliotuonyesha njia hii. Mwenye heri Maria Klementina Anuarite, aliyezaliwa karibu na Wamba mwaka 1939, alikuwa Sista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kuivunja nadhiri yake ya usafi, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Watu hukumbuka kifo chake, nao wafanya vema. Lakini kabla ya saa ile ya mwisho alikuwa ameishi siku nyingi zisizo na jina: alifundisha watoto, alitunza sakristia, alipika jikoni. Katika kazi hizo ndogo alijizoeza kumpa Mungu yote. Asiyeweza kumpa Mungu saa moja ya kuosha sufuria atampaje uhai wake?

4. SIKU MOJA YA KAZI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Misheni jembe hutolewa siku ya kwanza. Ratiba si moja kila mahali, lakini kwa kawaida siku hupita hivi.

Asubuhi. Kengele inalia kabla jua halijachomoza. Wasaidizi wanakwenda kanisani kusikiliza Misa. Mkatekumeni hakomuniki bado, lakini anasikiliza Neno la Mungu, naye anatoa kazi zake za siku pamoja na sadaka ya Kristu. Baada ya Misa ni kuteka maji. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na jikoni hazitoshi mbili wala tatu. Maji ya kunywa ya wagonjwa na ya watoto yanachemshwa, kisha yanafunikwa. Wengine wanafagia, wengine wanawasha moto na kupika uji wa unga wa mahindi uliochanganywa na soya na sukari. Kabla ya kugusa chakula kila mtu ananawa mikono kwa sabuni. Tena asione ni jambo dogo, kwa maana mikono michafu imeua watoto wengi kuliko chui wa msituni.

Zahanati. Akina mama wanafika mapema na watoto mgongoni. Msaidizi hagawi dawa wala hachomi sindano. Kazi hiyo ni ya muuguzi. Yeye anaandika majina, anapanga watu kwa zamu, anasaidia kupima uzito. Ataona muuguzi akizungusha utepe katika mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Kipimo kikipungua sentimeta 11 na nusu, utepe unaonyesha rangi nyekundu: mtoto huyo yumo hatarini kwa njaa, naye atibiwe bila kukawia. Kati ya sentimeta 11 na nusu na 12 na nusu, rangi ni ya njano: yafaa aangaliwe sana. Pengine mtoto anaonekana mnene, kumbe miguu yake yote miwili imevimba. Muuguzi akibonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki. Huo si unono, ni ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Wazazi wengi wa vijijini huudhania kuwa uchawi, wakampeleka mtoto kwa mganga, na siku za kumwokoa zikapita. Mkatekumeni aliyeyaona hayo kwa macho yake atakuwa na neno la kuwaambia watu wake.

Adhuhuri. Kengele inalia tena, watu wanasali «Malaika wa Bwana». Kisha chakula kinagawiwa: wali au fufu, sombe, maharagwe, siku nyingine samaki. Wagonjwa wanapewa kwanza, watoto na wazee wanafuata, wasaidizi wanakula mwisho. Mzee asiyeweza kushika kijiko analishwa polepole. Usimlishe huku ukiangalia pembeni au ukizungumza na mwenzako. Kaa mbele yake, mwite Baba, Mama au Koko kama ilivyo desturi ya kwetu, umwulize habari zake. Huyo alikuwa na nyumba yake, na shamba lake, na watu waliomheshimu. Chakula anahitaji, lakini heshima anaihitaji vilevile.

Alasiri. Baada ya kupumzika kidogo, wengine wanafua nguo za wagonjwa, wengine wanapalilia bustani ya mboga. Wengine wanakwenda pamoja na mwalimu wa dini kuwatazama wagonjwa majumbani, kwa miguu au kwa baiskeli za toleka, huko Mangobo, Kabondo au Tshopo. Wakifika wanasalimu, wanaketi, wanasikiliza. Kama hakuna maji ndani, wanachota. Hawatoki na kutangaza barabarani waliyoyaona chumbani kwa mgonjwa.

Jioni. Vyombo vinarudishwa na kuhesabiwa. Unga, mafuta na sabuni vilivyotumika vinaandikwa katika daftari. Kisha ni Rozari, chakula, na kulala.

Siku ya kwanza mambo hayo yote yanapendeza. Siku ya tatu mgongo unauma. Siku ya kumi maji ni yaleyale, sufuria ni ileile, na yule mzee aliyelishwa kwa upole jana leo anakutukana kwa sababu uji umepoa. Ndugu, hapo ndipo mapendo yanapoanza kupimwa. Kumtumikia anayekushukuru si vigumu, hata wapagani wanaweza. Kumtumikia asiyekushukuru, kwa sababu Kristu yumo ndani yake, hilo lahitaji neema. Liombeni kila asubuhi.

5. MAJARIBU MATATU

Jaribu la kwanza: kudhani kwamba kazi hii ni malipo ya Ubatizo. Mkatekumeni mwingine husema moyoni: nimebeba maji mwezi mzima, basi Padri atanipunguzia muda wa mafundisho. Sivyo. Ubatizo ni neema ya Mungu. Hauuzwi kwa fedha, wala kwa kuku, wala kwa jasho. Mungu alitupenda kabla hatujamfanyia lolote. Nasi hatutumiki ili tupendwe, tunatumika kwa sababu tumependwa.

Vivyo hivyo hatuuzi imani kwa bakuli la uji. Wanafika misheni Waislamu, Waprotestanti, Wakimbangu, na watu wasiosali popote. Usimwambie yeyote kati yao: sali nasi kwanza, ndipo ule. Papa Benedikto XVI, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya mapendo, alifundisha kwamba msaada wa Kanisa usiwe chambo cha kuwavuta watu dini. Akikuuliza kwa nini unafanya kazi hii, mjibu kwa unyenyekevu na ukweli. Asipouliza, mpe chakula chake na salamu njema.

Jaribu la pili: kuangalia kabila. Mji wetu umejua machozi. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya nchi mbili za kigeni, Rwanda na Uganda, yalipigana katikati ya Kisangani siku sita, na mamia ya raia wakafa. Lakini machozi mengine hayakuletwa na wageni. Mnamo Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulianza upande wa Lubunga. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walikimbia, na wengi wao walivuka mto wakaja mjini bila kitu.

Sasa, tuseme wewe ni mmoja wa makabila hayo, na umesimama penye sufuria ukiwa na upawa mkononi. Mbele yako anakuja mama wa kabila lile lingine, na mtoto wake. Labda jamaa yako waliumizwa na watu wa kwao. Labda na yeye anafikiri hivyohivyo juu yako. Mkono wako utajaza upawa, au utaupunguza? Hakuna atakayeona tofauti ya vijiko viwili vya uji, isipokuwa Mungu na yule mtoto. Katika mfano wa Msamaria mwema, aliyefunga vidonda vya Myahudi hakuwa Myahudi mwenziwe, alikuwa mtu wa kabila lililodharauliwa. Kama huwezi kumpa mama huyo sawa na wengine, weka upawa chini kwanza, nenda kanisani, umwombe Mungu moyo mpya, kisha urudi. Atakayebatizwa akiwa na chuki hiyo amefungia mlango neema ya Ubatizo wake.

Jaribu la tatu: kujifanya mwenyewe wa mali ya maskini. Kipande cha sabuni, kopo la mafuta, sukari katika karatasi: vinaonekana vidogo. Lakini vitu hivyo vilitolewa kwa ajili ya wagonjwa, na anayevichukua anamwibia Kristu. Tena ipo namna nyingine ya wizi, nayo ni kumpa rafiki yako nafasi ya mbele katika mstari, na mjane asiyejulikana akangoja hadi jua linakuchwa.

6. KURUDI KIJIJINI

Likizo inakwisha, Septemba inafika, msaidizi anarudi kwao. Je, matendo ya huruma yamebaki mjini pamoja na sufuria kubwa na Masista? Hasha. Wahenga wetu walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kijijini kuna mjane ambaye paa lake linavuja. Kuna kipofu asiye na wa kumchotea maji. Kuna mtoto yatima anayelala njaa katika nyumba ya jamaa yake.

Tena umejifunza mambo ya kufaa. Mtoto akiharisha, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, koroga vizuri, umnyweshe kidogo kidogo wakati mnapofanya safari ya kwenda zahanati. Chumvi isizidi, maana ikizidi inadhuru. Mtoto akivimba miguu yote miwili, waambie wazazi wake bila kuwatia aibu, uwasindikize kwa muuguzi. Fanyeni kama Mtakatifu Vinsenti: wakatekumeni saba wa kijiji kimoja wakipeana siku, kila mtu siku moja kwa juma, yule kipofu hatakosa maji hata siku moja.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mapendo ni nini?
Jibu: Ni fadhila ya Kimungu ambayo kwayo tunampenda Mungu kupita vyote, na jirani yetu kama nafsi zetu, kwa ajili ya Mungu.

Swali: Tunawatumikia maskini kwa sababu gani?
Jibu: Kwa sababu Yesu Kristu amejifanya mmoja nao, na lolote tuwatendealo tunamtendea Yeye.

Swali: Je, mkatekumeni anapata Ubatizo kwa sababu ya kazi zake?
Jibu: Hapana. Ubatizo ni neema ya Mungu, naye anaipokea kwa imani na toba. Kazi njema zinaonyesha kwamba imani yake ni hai.

Swali: Tumsaidie nani kwanza?
Jibu: Mwenye shida kuliko wengine, bila kuangalia kabila lake wala dini yake.

KUSUDI

Juma hili nitamtafuta mtu mmoja wa kijiji changu asiye na msaada, hasa yule ambaye jamaa zangu hawapatani na jamaa zake, nami nitamfanyia kazi moja ya mikono bila kumtangazia mtu.

SALA

Ee Yesu, uliyewaosha miguu mitume wako, utufundishe kutumika. Utupe mikono isiyochoka upesi, na macho ya kukutambua katika mgonjwa na mkimbizi. Uondoe mioyoni mwetu chuki ya kabila na kiburi cha mtoaji. Utufikishe kwa amani katika siku ya Ubatizo wetu. Bikira Maria, uliyekwenda kwa haraka kumsaidia Elisabeti, utuombee. Amina.